Mjadala: Timu imeshinda mechi zote 13, inaachwaje nje ya mbio za ubingwa?

MLETA MADA
Wakuu, heshima kwenu. Tunaofuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani, hasa tuliohamia huku tukakuta kila Jumamosi ya vuli mji mzima umevaa rangi moja, tuna kiporo ambacho hakijaliwa. Desemba 3, 2023 kamati ya watu 13 inayopanga orodha ya timu bora iliiweka Florida State nafasi ya tano, na mtoano wakati ule ulichukua timu nne tu. Florida State ilikuwa imecheza mechi 13 na kushinda zote, pamoja na fainali ya kanda yao (kundi la vyuo vinavyocheza ligi pamoja), ACC. Nafasi ya nne wakapewa Alabama, ambao Septemba walikula 34-24 kutoka kwa Texas, tena nyumbani kwao.

Kisa ni kwamba kwotabeki wa Florida State (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), Jordan Travis, alivunjika mguu Novemba 18. Kamati ikaona bila yeye timu si ile tena. Lakini timu hiyohiyo bila Travis iliwapiga Florida 24-15, halafu ikawapiga Louisville 16-6 kwenye fainali ya kanda ikiwa na kwotabeki wake wa tatu, kijana wa mwaka wa kwanza. Ilitakiwa ifanye nini zaidi? Travis mwenyewe aliandika kwamba anatamani mguu ungevunjika mapema zaidi msimu ule, ili watu waone timu ni zaidi ya kwotabeki. Mchezaji afike mahali pa kutamani hivyo!

Msimamo wangu: kamati haikuhukumu kilichochezwa, ilipiga ramli. Na ramli yenyewe ina upendeleo. Mwaka 2014 Ohio State walimpoteza Braxton Miller kabla ya msimu, wakampoteza J.T. Barrett kwenye mechi ya Michigan, wakabaki na Cardale Jones, chaguo la tatu. Kamati ikawapandisha hadi nafasi ya nne. TCU waliokuwa wa tatu, na walioshinda 55-3 wikiendi ya mwisho, wakateremshwa hadi ya sita. Ohio State wakabeba kombe. Kwa nini kwotabeki wa tatu wa Ohio State aaminiwe na wa Florida State asiaminiwe?

Nawasilisha.

MCHANGIAJI, ALABAMA
Mkuu, hapo kuna kitu umekiruka. Huyo Cardale Jones aliingia fainali ya kanda akawachapa Wisconsin 59-0. Hamsini na tisa! Kijana wa Florida State timu yake ilipata pointi 16, na ulinzi ndio uliomwokoa. Huwezi kuziweka mezani kama kitu kimoja.

Pia kanuni za kamati zinaruhusu kabisa kuangalia mchezaji muhimu asipokuwepo. Hawakuvunja sheria. Na sisi tuliingia kwa kuwatoa Georgia 27-24, Georgia waliokuwa hawajafungwa mechi 29 mfululizo. Kisha Desemba 30 Georgia haohao wakakutana na Florida State kwenye Orange Bowl, mechi ya kufunga msimu nje ya mtoano, wakawapiga 63-3. Mnataka ushahidi gani tena?

MLETA MADA
Orange Bowl usiilete hapa, mkuu. Wachezaji wengi wa Florida State walishajiondoa kwenye mechi ile, wengine wakijiandaa kwa ligi ya kulipwa, NFL, wengine wakihama chuo. Ile haikuwa timu iliyoshinda 13. Huwezi kumnyima mtu mtihani halafu ukamwonyesha kwamba hakusoma.

Na hao Alabama wenu, wiki moja kabla ya Georgia walikuwa wameshakufa kwa Auburn. Walikuwa nyuma 24-20, wako jaribio la nne na la mwisho, wanatakiwa yadi 31, imebaki chini ya dakika moja. Watu wa Auburn wanashangilia tayari. Jalen Milroe akarusha mpira hadi kona ya mwisho kabisa ya uwanja, Isaiah Bond akaudaka. 27-24. Kwa hiyo timu iliyookolewa na pasi ya namna hiyo ndiyo "imara", na isiyofungwa kabisa ndiyo yenye mashaka?

MCHANGIAJI, TEXAS
Mnazunguka mbuyu. SEC, kanda ya Alabama na Georgia, lazima iwemo, basi. Televisheni ya ESPN ndiyo inayolipia mtoano, na ESPN ndiyo iliyonunua mechi za SEC. Timu inabebwa mchana kweupe.

MCHANGIAJI, OHIO
Ndugu wa Texas, ESPN inaonyesha ACC pia, ina hadi chaneli yao. Hoja hiyo haishiki.

Figisu au hakuna, tatizo liko kwenye hesabu. Timu za daraja la juu zinazidi 130, na kila moja ina mechi 12 tu za msimu wa kawaida. Wengi hawakutani kabisa. Ndiyo maana tangu 1936 waandishi, kupitia shirika la habari la AP, wanapiga kura, na kuanzia 1998 hadi 2013 wakachanganya kura na kompyuta, na bado kila zama ilikuwa na kilio chake. Kamati imeanza 2014, vilio vikaendelea. UCF mwaka 2017 hawakufungwa hata mechi moja, wakamaliza kwa kuwapiga Auburn 34-27. Auburn hao msimu uleule walishawafunga Alabama na Georgia, waliocheza fainali! UCF wakajitangazia ubingwa na kufanya gwaride. Watu walicheka. Mimi sikuona cha kucheka.

Sasa angalia tulipofikia. Mwaka 2024 mtoano ukawa wa timu 12. Sisi Ohio State tulifungwa na Michigan 13-10 nyumbani, na huku Columbus wapo waliotaka kocha aondoke siku hiyohiyo. Tukapangwa wa nane. Tukawapiga Tennessee 42-17, Oregon waliokuwa namba moja 41-21, Texas 28-14, fainali Notre Dame 34-23. Na zile timu nne zilizoruhusiwa kuvuka raundi ya kwanza bila kucheza? Zote nne zilitoka mechi yao ya kwanza. Namba ya kamati haisemi chochote kuhusu nani atachukua kombe. Cha maana ni kuingia.

MCHANGIAJI, ALABAMA
Wamefanya 12 na bado mnalia. Notre Dame 2025 mmewasahau?

MLETA MADA
Sijawasahau, na hao ndio wananipa nguvu. Miami waliwafunga Notre Dame 27-24 Agosti 31. Wote wakamaliza na ushindi 10 na vipigo viwili. Novemba yote kamati ikawaweka Notre Dame juu ya Miami. Wikiendi ya mwisho hakuna kati yao aliyecheza, lakini Jumapili Miami wakaamkia juu, Notre Dame nje. Maelezo yakawa kwamba BYU, waliokuwa katikati yao kwenye orodha, wamefungwa wakashuka, kwa hiyo Miami na Notre Dame sasa wanafuatana na ndipo mechi yao ikaangaliwa. Notre Dame wakasusa, wakakataa hata kucheza bowl. Miami wakafika fainali na kufungwa na Indiana 27-21.

Kwangu Miami walistahili. Ila ndugu wa Alabama, nieleze wewe unayeitetea kamati: kipigo cha BYU kiliongeza nini kwenye mechi iliyochezwa Agosti?