Mimea ya Tao la Mashariki: ni mvua ya leo au tabianchi ya kale?

Mdau_Misitu:
Wakuu, naandaa andiko la utafiti kuhusu mimea ya hifadhi za Tao la Mashariki, ile safu ya milima ya kale ya Tanzania na kusini mwa Kenya. Modeli yangu ina mvua ya mwaka, joto na mwinuko tu, na inashindwa kueleza kwa nini Amani, kule Usambara Mashariki, imejaa spishi zisizopatikana kwingine kuliko Kilimanjaro. Je, niingize tabianchi ya kale? Na mitego iko wapi?

Chavua:
Kwanza usichanganye jumla ya spishi na spishi za pekee, yaani zisizopatikana kwingine. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kwenye mita 2,200 hivi, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mlima mzima una takriban spishi 2,500. Hapo maji na joto la leo vinaeleza mengi. Spishi za pekee zinataka muda. Kilimanjaro ni volkano changa, haijafikisha miaka milioni 3, ilhali milima ya Tao iliinuka mamilioni mengi ya miaka kabla yake.

Halafu kuna utulivu wa tabianchi. Kwenye kilele cha kipindi cha barafu, miaka 21,000 hivi iliyopita, joto la Afrika Mashariki lilishuka kwa nyuzi 4 au 5, na baadaye Ziwa Victoria likakauka. Milima inayopokea upepo wa Bahari ya Hindi haikukosa unyevu kiasi hicho. Mashapo ya vinamasi vya Uluguru na Udzungwa yanarudi nyuma zaidi ya miaka 40,000, na chavua ya miti ya msituni ipo muda wote huo.

Ila soma chavua kwa tahadhari. Ya mti wa mpodo (Podocarpus) ina vifuko viwili vya hewa, hupeperushwa mbali, hivyo kuikuta hakuthibitishi kwamba mti ulikuwa jirani. Msambu (mti wa Allanblackia) huchavushwa na wadudu, chavua yake haifiki kinamasini kirahisi. Kutoonekana kwake si ushahidi kwamba haukuwepo.

Ramani_na_Takwimu:
Data chukua WorldClim au CHELSA, hifadhidata za ramani za tabianchi; zote zina tabaka za miaka 21,000 iliyopita. Usiingize thamani ghafi za kale pamoja na za leo. Tabaka hizo hutengenezwa kwa kuchukua modeli ya dunia yenye pikseli kubwa na kuibandika juu ya ramani ya leo, kwa hiyo kale na sasa hufanana mno na modeli haitajua sifa impe nani. Tumia tofauti: joto la leo kutoa la kale, mvua vivyo hivyo. Vigezo viwili vikiwa na uwiano unaozidi 0.7, acha kimoja.

Pikseli ya kilomita 1 Udzungwa inaweza kubeba mamia ya mita za mwinuko. Ukungu nao haumo kabisa kwenye data hizo, wakati msitu wa juu unaunywa.

Kosa ninaloliona baya zaidi ni la ukusanyaji. Amani kuna kituo cha utafiti tangu 1902, kwa hiyo rekodi zimerundikana pale. Linganisha kwa idadi sawa ya sampuli, la sivyo unapima bidii ya wataalamu wa mimea. Ondoa pia spishi za kupandwa, muhesi (Maesopsis) ukiwa wa kwanza.

Mdau_Misitu:
Asante sana. Ploti je, yaani maeneo ya kuhesabia mimea?

Ramani_na_Takwimu:
Mita 20 kwa 50, kila mita 100 za mwinuko, upande uleule wa mlima. Pima miti yote yenye kipenyo cha sentimita 10 na zaidi, kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Ongeza viploti vya mita 2 kwa 2 penye miamba yenye kivuli. Saintpaulia, ua dogo la urujuani, huishi huko, na ploti za miti haziwezi kuinasa.

Chavua:
Ukifika sura ya tabianchi ijayo: joto hupungua nyuzi 0.6 hivi kwa kila mita 100, kwa hiyo ongezeko la nyuzi 2 ni kama mita 330 ambazo spishi italazimika kupanda. Udzungwa ina nafasi, msitu unaanzia chini ya mita 400 hadi zaidi ya 2,500. Usambara Mashariki inaishia karibu na 1,500. Ila usikokotoe joto peke yake. Kilimanjaro mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita badala ya kupanda, kwa sababu ya ukame na moto.