Daktari wa uhandisi kuhamia kwenye programu za kompyuta: hela ya umma imepotea au haijapotea?

Wakuu habari za jioni. Juzi nyumbani mjomba wangu kaniambia mbele ya watu, "Wamekusomesha mpaka udaktari wa mabomba, umeenda kukaa kwenye kompyuta, hiyo kodi yetu imeliwa." Sikumjibu maana ni mkubwa wangu, ila neno limenikaa, na najua wapo wengi wanaowaza hivyo hivyo, kwa hiyo nalileta hapa tulijadili.

Mimi nasema haijapotea. Udaktari wangu ulikuwa wa nyundo ya maji, kile kishindo cha bomba unachokisikia mtu akifunga valvu ghafla. Maji yakitembea mita 1 tu kwa sekunde kwenye bomba la chuma ukayasimamisha ghafla, presha inaruka karibu bar 12, wimbi linakwenda linagonga linarudi, na bomba linaweza kupasuka mbali kabisa na pale ulipofunga. Nimekaa na hilo wimbi miaka minne.

Baadaye nikaingia kwenye mifumo ya malipo kwa simu. Kila mwisho wa mwezi mfumo unaanguka na kila ukianguka wanaongeza seva. Nikaomba rekodi za miezi sita, nikachora grafu, nikaliona wimbi lile lile jamani! Mfumo ukichelewa kidogo simu za wateja zinatuma ombi upya baada ya sekunde 5, zote kwa mkupuo, mzigo unaongezeka, mfumo unachelewa zaidi, zinatuma tena, hivyo hivyo mpaka chini. Dawa ilikuwa ni kufunga valvu taratibu: ukikosa mara ya kwanza subiri kidogo, ya pili subiri mara mbili yake, na kila simu isubiri muda wake tofauti ili zisirudi pamoja. Mbinu yenyewe inajulikana, na pale walikuwepo madevelopa wanaoandika programu vizuri kunishinda, ila hakukuwa na mtu wa kusema hatugusi kitu mpaka tupime chanzo. Hicho ndicho msimamizi wangu wa udaktari alichonisisitizia miaka yote ile. Tangu hapo nimefanya utabiri wa mahitaji ya dawa, sasa hivi niko kwenye vihisi vya pampu za visima, na kazi ni ile ile.

John Swanson wa Marekani alipata udaktari wa mekanika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966, akawa anapiga hesabu za mikazo, yaani nguvu zinazobana na kuvuta chuma, kule kampuni ya Westinghouse, akaondoka, na 1970 akaanzisha kampuni ya programu iliyozaa ANSYS, programu ya kupiga hesabu hizo kwa kompyuta ambayo wahandisi wanaitumia mpaka leo. Nani atasema aliutupa uhandisi?

Ila mjomba ana hoja moja inayoniuma kweli. Bondi, yaani ule mkataba wa kufundisha chuoni baada ya kusomeshwa, nilimaliza, lakini nilipoondoka chuoni kuna vijana wa mwaka wa nne walibaki bila msimamizi, na hapo sina cha kujitetea. Ningebaki hata siku mbili kwa wiki kama ingewezekana, tatizo kule cheo kinapanda kwa makala za majarida, programu inayoendesha pampu ya kijiji haina alama hata moja.

Sasa nawauliza hasa mlioko vyuoni: programu inayofanya kazi ihesabiwe sawa na makala au hapana? Na bondi ya aliyesomeshwa na umma iwe ya darasani tu, au hata mfumo wa maji unaotumika ni kulipa deni?