Wakala amemkata kijana wetu pauni 120 za vyeti vya jikoni, na hakuna alichofundishwa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe nikikosa mpangilio. Niko Uingereza mwaka wa 11 sasa na miaka yote hiyo nimeishi kwa jasho la jikoni. Nilianza kwa kuosha masufuria, leo namsaidia mpishi mkuu kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Leicester. Haya mambo ya vyeti nayajua nje ndani. Ndiyo maana lililompata kijana wa dada yangu limenichoma.

Kijana amekuja mwaka jana, ana kibali halali cha kufanya kazi. Akajiandikisha kwa wakala wa ajira, sitamtaja. Akaambiwa hapati zamu hata moja mpaka awe na vyeti vinne: usafi wa chakula, afya na usalama kazini, kubeba mizigo, na aleji za vyakula. Akaambiwa vyote anavipata hapo hapo kwao, pauni 120, zitakatwa kwenye mshahara pauni 30 kila wiki. Na kila mwaka vinakwisha, atalipa upya. Yeye kakubali, angefanyaje? Mgeni, kodi ya chumba inamsubiri, nyumbani wanategemea.

Hayo "mafunzo" kayafanya kwa simu akiwa kwenye basi. Vyeti vinne ndani ya dakika 40. Anabonyeza endelea, endelea, mwisho maswali kumi, akikosea anarudia mpaka apate. Vyeti vikaingia kwenye barua pepe vikiwa na nembo ya dhahabu na jina lake limeandikwa vizuri kabisa.

Sasa Jumamosi iliyopita mwenzetu mmoja aliumwa, tukaomba mtu kwa wakala. Mlango unafunguliwa, ni yeye. Nikafurahi. Saa tano na nusu nikampa kipimajoto, kile chenye sindano ndefu, nikamwambia, "Pima kuku." Nikageuka kumwaga maji ya viazi. Nikirudisha macho namkuta keshachoma mapaja mabichi yaliyokuwa yanangoja kwenye ubao mwekundu, na sindano ile ile, bila kuifuta, anaichomeka kwenye kuku aliyetoka kwenye oveni, wa chakula cha mchana cha wazee. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikamshika mkono. Akanitazama kwa mshangao: "Mjomba, si nimeshapima? Imeandika 82."

Trei nzima ikaenda kwenye pipa. Wazee 18 wakala wakiwa wamechelewa, na mmoja wao ana kisukari, hatakiwi kupitisha muda wake wa kula. Mpishi mkuu akamrudisha kijana nyumbani, zamu ikapotea, na wakala kamwandikia onyo.

Simlaumu yule mtoto. Namba alikuwa anaijua: katikati ya kuku ifike nyuzijoto 75. Aliisoma kwenye simu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusimama naye akamwonyesha kwamba sindano inafutwa kwa kitambaa chenye dawa kabla na baada, na kwamba kuku mbichi ndiye mbebaji mkubwa wa kampailobakta, bakteria inayoongoza kwa kuharisha watu na chakula nchi hii. Kwa kijana wa miaka 24 ni siku chache za tumbo. Kwa bibi wa miaka 90 ni jambo jingine kabisa. Vitu hivyo vinafundishwa kwa mkono, mbele ya trei yenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni uongo waliomwambia, maana najua kuna wengi humu wameambiwa vivyo hivyo.

Kwanza, hakuna sheria hapa inayosema kila anayegusa chakula lazima awe na cheti. Sheria inasema mwenye biashara ya chakula ahakikishe wafanyakazi wake wanasimamiwa na wamefundishwa usafi wa chakula kulingana na kazi wanayofanya. Mzigo uko kwa mwenye biashara. Anaweza kukufundisha papo hapo kazini, anaweza kukupeleka darasani, hata uzoefu wako wa nyuma unahesabika. Waajiri wengi wanapenda uwe na Level 2, yaani cheti cha usafi wa chakula cha ngazi ya pili, sawa, ni utaratibu wao, na msimamizi huwa anatakiwa awe na Level 3. Lakini usidanganywe kwamba afisa wa halmashauri atakukamata kwa kukosa karatasi. Akija kukagua anaangalia unafanya nini, anafungua friji, anakuuliza maswali, anataka kuona daftari la joto.

Pili, cheti cha usafi wa chakula hakina tarehe ya kufa kisheria. Wengi hurudia kila miaka mitatu kama desturi nzuri. Hiyo ya kila mwaka ni biashara ya wakala. Cha huduma ya kwanza ndicho chenye muda, miaka mitatu, na hicho kijana wala hakupewa.

Tatu, na hapa mnisikilize vizuri. Sheria ya afya na usalama kazini ya mwaka 1974, kifungu cha 9, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi kwa kitu ambacho sheria hizo za usalama zinamlazimu mwajiri kukitoa. Mafunzo ya usalama yamo, viatu vya kuzuia kuteleza kama kazi inavihitaji vimo. Na kanuni za usimamizi wa usalama kazini za 1999 zinataka mafunzo hayo yafanyike ndani ya saa za kazi, si kwenye basi siku yako ya mapumziko. Yale ya chakula hayako chini ya kifungu hicho, lakini mwajiri akikulazimisha ulipie mafunzo, makato hayo hayaruhusiwi kukushusha chini ya kima cha chini cha mshahara. Kijana analipwa kima cha chini kabisa, kwa hiyo kila senti waliyomkata imemshusha. Tena wakala haruhusiwi kukuwekea sharti kwamba hakutafutii kazi mpaka ununue huduma yake nyingine. Huo ndio mchezo wenyewe waliomchezea.

Halafu hivyo vyeti vyenyewe. Sifa ya masomo (qualification) inayotambulika hapa Uingereza inakuwa kwenye rejesta ya Ofqual, mamlaka ya serikali inayosimamia sifa hizo, unaingia mtandaoni unaitafuta kwa jina au kwa namba yake, bure. Nilikaa na kijana tukatafuta vyote vinne. Hakuna hata kimoja. Vimegongwa muhuri wa CPD tu, maana yake ni kozi ya kujiendeleza, haijawa sifa. Kozi ya namna hiyo si haramu, na ukiisoma kwa makini inaweza kukusaidia, ila thamani yake sokoni ni pauni chache mno. Kumuuzia mtu kwa pauni 30 kila kimoja na kumwambia ni "sifa ya serikali" ni wizi.

Na wizi huu unashika kwa sababu sisi tumetoka kwenye mazoea mengine. Nyumbani mama ntilie na mhudumu wa hoteli wanaijua ile kadi ya kupima afya: unapeleka choo maabara, unapimwa, unagongewa muhuri. Mtu akifika huku anatafuta kadi kama hiyo, na yeyote atakayemwonyesha karatasi yenye muhuri anamwamini. Huku hakuna kadi ya kupima choo. Kuna kanuni ya saa 48: ukiharisha au kutapika, unamwambia msimamizi na hukanyagi jikoni mpaka zipite saa 48 tangu ulipoacha. Nilimuuliza kijana kama anaijua. Hakuijua. Pauni 120, na hilo hakuna aliyehakikisha limemkaa kichwani! Tena alikuwa anaogopa kusema anaumwa asije akakosa zamu.

Nasikia huko Dar na Mombasa nako madalali wanawauzia vijana "cheti cha usalama cha Uingereza" wakiwaahidi kazi za hoteli Ulaya na Ghuba. Ndugu, kabla hamjatoa hela, ombeni jina kamili la sifa na namba yake, muitafute wenyewe kwenye rejesta.

Nilipofika: Jumatatu nimemwandikia wakala barua pamoja na kijana, tumeambatanisha hati nne za mshahara zinazoonyesha makato, tumetaja kifungu cha 9 na tumedai fedha yote. Tumewapa siku 14. Wasipojibu tunakwenda Acas, chombo cha kusuluhisha migogoro ya kazi, usuluhishi wao ni bure, na ni lazima kupita kwao kabla ya mahakama ya kazi. Kuna ukomo wa muda wa kudai, kwa hiyo usikae na hati zako mwaka mzima ukijifariji.

Kijana mwenyewe anakuja kwangu jioni baada ya zamu. Jana tumepika kuku nyumbani, nimemnunulia kipimajoto chake, anafuta sindano kabla sijamwambia.

Kama na wewe umekatwa hela za vyeti na wakala yeyote, Leicester, Birmingham, Coventry, popote, niandikie faragha na uniambie hati ya mshahara imeandikaje kwenye mstari wa makato. Nakala ya barua yetu ninayo, nitakutumia ubadilishe majina tu.