Mishipa ya mguu wa mama imevimba: sindano, leza au upasuaji?

Wakuu, naombeni ushauri. Mama yangu ana miaka 54, ni mama lishe, anasimama jikoni tangu saa kumi alfajiri. Mishipa ya mguu wa kushoto ilianza kujitokeza alipobeba mimba ya mdogo wetu wa mwisho. Sasa imejiviringa kuanzia gotini kwenda chini, na jioni mguu unavimba na kuwaka moto. Kinachonitisha ni ngozi ya juu ya kifundo: imekuwa nyeusi, inawasha, na hapo ndipo vidonda sugu huanzia.

Altrasaundi ilionyesha vali (vilango vidogo) za vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zimelegea, damu inarudi chini badala ya kupanda. Daktari ametaja sindano ya kuziba mshipa, kuuchoma kwa ndani kwa leza, au upasuaji wa kuutoa. Kwa sasa kampa soksi za kubana, ila kwa joto hili la Dar, saa nne asubuhi ameshazivua.

Mliotibiwa, mlitumia njia ipi? Mlirudi kazini baada ya siku ngapi? Bima ililipa? Mama anaogopa mshipa ukitolewa mguu utakosa damu. Daktari alimweleza kwamba vena za ndani ndizo zinazobeba damu nyingi, bado hajaamini. Nataka asikie kutoka kwa aliyepitia.