MODFLOW 6: modeli inakwama seli zikikauka, na SFR inatoa kina cha mita 270

Swali
Wakuu, nahamisha modeli ya maji ya ardhini ya bonde la Makutupora, Dodoma, kutoka MODFLOW-2005 kwenda MODFLOW 6 (programu za kuiga mwendo wa maji ardhini). Vipimo ni mita na siku. Safu ya juu ikikauka kuzunguka visima, modeli inakwama (haifikii jibu) kipindi cha 3, REWET (chaguo la kulowesha upya seli zilizokauka) ikiwa imewashwa. Halafu SFR (kifurushi cha mito) inanipa kina cha maji cha mita 270 kwenye Kinyasungwe Ndogo, mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu! Mteremko na kigezo cha ukwaru cha Manning (0.035) viko sawa.

Jibu 1
REWET achana nayo. Kwenye faili la jina la GWF (modeli ya mtiririko wa maji ardhini), sehemu ya OPTIONS, andika `NEWTON UNDER_RELAXATION` (mbinu ya Newton ya kutatua milinganyo), kisha futa REWET na WETDRY (thamani zake) ndani ya NPF (kifurushi cha mtiririko kati ya seli). Haviendi pamoja na Newton. Kwenye IMS (kitatuzi cha milinganyo) tumia mbinu ya BICGSTAB, maana matriki ya Newton si linganifu na mbinu ya CG haiiwezi.

Angalia: seli haizimwi tena, kwa hiyo usawa wa maji unaweza kushuka chini ya kitako cha seli. Seli hizo zifiche unapochora ramani.

Visima viwekee `AUTO_FLOW_REDUCE 0.1`. Maji yakibaki asilimia 10 ya unene wa seli, usukumaji unaanza kupunguzwa. Unapunguzwa kimyakimya, kwa hiyo ongeza `AUTO_FLOW_REDUCE_CSV FILEOUT punguzo.csv`, la sivyo utaripoti maji ambayo kisima hakikutoa.

Jibu 2
Hiyo 270 inatokana na TIME_CONVERSION (kigeuzi cha vipimo vya muda ndani ya SFR). Usipoiandika inachukuliwa 1, yaani sekunde, wakati mtiririko wako ni wa kwa siku. Kwenye mlinganyo wa Manning kina kinafuata mtiririko kwa kipeo cha 0.6, na 86400 kwa kipeo hicho ni kama 916. Gawa 270 kwa 916: sentimita 29 na ushee. Weka `TIME_CONVERSION 86400`. LENGTH_CONVERSION kwa mita ni 1, iache. Toleo la zamani la 6 linataka `UNIT_CONVERSION 86400`.

RHK (upitishaji maji wa kitanda cha mto) uliyokwisha kuirekebisha kwa kina kile itupe, uanze upya. Ilikuwa inabeba kosa la mto.

Muuliza swali
Kina sasa 0.29, shukrani. Ila mafuriko yakiingia kipindi cha 3 bado inakwama.

Jibu 1
Hatua za muda ni ndefu mno kwa mafuriko. Tumia ATS (hatua za muda zinazojirekebisha), ipo tangu 6.3.0. Kwenye OPTIONS za TDIS (faili la mgawanyo wa muda) weka `ATS6 FILEIN modeli.ats`, na ndani ya faili hilo, kwenye PERIODDATA:

`3 1.0 0.001 5.0 2.0 5.0`

Yaani kipindi cha 3, anza na siku 1, isishuke chini ya 0.001 wala kuzidi 5. Mambo yakienda vizuri hatua inazidishwa kwa 2, ikishindwa inagawanywa kwa 5 na kurudiwa. Tarakimu ya mwisho ikiwa 0, hairudii.

Jibu 2
Nyongeza: ATS inapuuza NSTP (idadi ya hatua) ya kipindi hicho. Kama OC (udhibiti wa matokeo) yako inahifadhi kwa STEPS 10, hatua ya 10 si siku ileile tena. Tumia `SAVE HEAD LAST`.