Mrejesho: Kaka aliyefutiwa msamaha wa kifungo

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu kaka yangu, mfungwa, aliyefutiwa msamaha wa theluthi (punguzo la theluthi moja ya kifungo kwa mwenye tabia njema) kwa tuhuma za kukutwa na simu, bila kusikilizwa. Barua kwa mkuu wa gereza haikujibiwa, ila nakala yake yenye muhuri ilitusaidia. Mliosema tuombe kibali cha mapitio ya mahakama (Mahakama Kuu kukagua kama uamuzi wa gereza ulifuata sheria) ndani ya miezi 6, Mungu awabariki. Wakili wa msaada wa kisheria alisimamia ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inayohusu haki ya kusikilizwa. Daftari la mashauri ya nidhamu lilipofunguliwa, sehemu ya utetezi ilikuwa tupu kabisa! Mahakama Kuu hapa Mtwara imetengua adhabu. Fidia tumekosa, na gereza linaweza kumsikiliza upya. Safari hii atajitetea.