Riwaya za wafanyakazi wa Uswidi: tuanze na Ivar Lo-Johansson, Moa Martinson au Harry Martinson?

MsomajiWaTemeke
Wadau, habari za jioni. Kikundi chetu cha kusoma kinataka kuingia kwenye riwaya za tabaka la wafanyakazi wa Uswidi, wale waandishi waliochomoza miaka ya 1930 wakitokea mashambani, viwandani na melini. Tunasoma kwa Kiingereza, na fedha tulizochanga zinatosha nakala za kitabu kimoja kwa sasa. Nimebaki na majina matatu.

Ivar Lo-Johansson (1901–1990), mtoto wa statare, yaani vibarua wa mashamba makubwa. Kitabu ni Bara en mor cha 1939, kwa Kiingereza Only a Mother.

Moa Martinson (1890–1964), aliyekulia kwenye umaskini wa Norrköping, mji wa viwanda vya nguo. Mor gifter sig cha 1936, kwa Kiingereza My Mother Gets Married.

Harry Martinson (1904–1978), aliyekuwa mume wa pili wa Moa. Baba yake alifariki, mama akaenda Marekani akawaacha watoto, wakawa wa kulelewa na parokia, wakizungushwa kwa wakulima. Nässlorna blomma cha 1935, kwa Kiingereza Flowering Nettle.

Mimi naelekea kwa Harry, maana alipata Nobel mwaka 1974 pamoja na Eyvind Johnson. Nishaurini kabla sijaagiza.

KaraniMstaafu
Ndugu, Nobel isikuamulie. Mwaka ule wote wawili walikuwa wajumbe wa Akademia ya Uswidi inayotoa tuzo hiyo, na lawama zilizowaangukia zilikuwa kali mno. Simpunguzii Harry thamani yake, utoto ule aliuandika kama hakuna mwingine. Lakini ni mshairi kwanza, na Kiswidi chake kimejaa maneno aliyoyabuni mwenyewe. Kwenye tafsiri sehemu kubwa ya utamu huo inabaki nyuma. Kwa kikundi kinachoanza, mimi napiga kura kwa Lo-Johansson.

Binti_wa_Muheza
Samahani, hao statare ni sawa na manamba wa mkonge?

Mswahili_Stockholm
Dada, wanakaribiana ila si sawa. Statare aliajiriwa akiwa na mke. Mkataba ulikuwa wa mwaka mzima, unaisha mwishoni mwa Oktoba, na malipo mengi hayakuwa fedha: nafaka, maziwa, viazi, kuni na chumba kwenye nyumba ndefu ya pamoja. Ikifika Oktoba familia nyingi zinapakia vyombo kwenye mkokoteni zinahamia shamba jingine, wakitumaini bwana wa huko atakuwa na afadhali. Na kwenye mkataba wa mume mara nyingi mke alifungwa humohumo: lazima akamue ng'ombe wa bwana, alfajiri na jioni, Jumapili na sikukuu, awe mjamzito au ametoka kujifungua juzi. Kazi hiyo iliitwa mjeledi mweupe. Mfumo huu ulifutwa 1945 kwa makubaliano ya chama cha wafanyakazi wa mashamba na waajiri. Kupigania ni kazi ya chama, lakini watu wa hapa hawasimulii habari hiyo bila kumtaja Ivar Lo, kwa sababu yeye ndiye aliyewafanya watu wa mjini wawaone hao vibarua.

Sasa nije kwenye kitabu. Bara en mor kinaanzia kwa msichana anayeitwa Rya-Rya. Siku ya joto kali anavua nguo na kuingia ziwani kuoga. Anaonekana. Hakuna zaidi ya hapo, maji na joto tu, lakini maneno yanazunguka shamba zima, mchumba anamgeuka, na yeye kwa hasira na fahari anaangukia kwa Henrik, mwanamume asiye na msimamo. Kuanzia hapo ni ndoa, watoto, kuhama, kukamua, hadi mwili unachakaa. Nimekisoma zaidi ya mara moja na bado pale ziwani pananiuma, kwa sababu mwandishi hamruhusu msomaji aseme "laiti asingeoga". Anakulazimisha uwatazame waliokuwa wakitazama.

Jambo jingine: huyu mzee hakuandika kutoka mbali. Miaka ya 1920 alizunguka Ulaya akifanya vibarua, akaandika juu ya Ufaransa, wachimba makaa ya mawe wa Uingereza na mitaa ya maskini ya London. Baba yake ndiye kiini cha Analfabeten cha 1951, mtu asiyejua kusoma ambaye mwanawe amekuwa mwandishi. Na baada ya statare kufutwa hakupumzika, akageukia wazee waliofungiwa kwenye nyumba za kulelea, akadai watunzwe majumbani kwao. Fleti yake ya Bastugatan, mtaa ulio juu ya maji hapa Södermalm, imehifadhiwa kama makumbusho. Ni ndogo. Ukiingia unaelewa kwamba mtu huyu aliishi kwa kuandika, basi.

Mama_Vitabu
Nimemsoma kaka wa Stockholm kwa heshima, na kuhusu Rya-Rya nakubali kila neno. Lakini msimpite Moa haraka hivyo.

Kwenye riwaya yake ya kwanza, Kvinnor och äppelträd ya 1933, kuna wanawake wawili wazima, mama Sofi na Fredrika, wenye desturi ya kuoga pamoja kila wiki, wakisuguana migongo. Kijiji kinaona ni aibu kubwa. Linganisheni na ziwa la Rya-Rya. Kote kuna mwanamke, maji na macho ya watu. Kwa Ivar Lo kuoga kunamvunja mwanamke. Kwa Moa wale wawili wanaendelea kuoga, na urafiki wao ndio unaowabeba. Ivar Lo ananionyesha jinsi mwanamke anavyomalizwa. Moa ananionyesha anavyoishi hata hivyo, na mimi naona hilo ni gumu zaidi kuliandika.

Aliyajua. Alizaliwa nje ya ndoa, akazaa wavulana watano na mume wa kwanza, wawili wakafa maji 1925, mume akajiua 1928. Mwaka uliofuata akaolewa na Harry, wakaachana 1940. Katika Mor gifter sig msimulizi ni mtoto, Mia. Mama yake Hedvig anaolewa na Albert, mlevi, na wanahama kutoka nyumba hii hadi ile. Mia anajua kila deni na kila uongo wa watu wazima, na anachekesha kweli. Katika kikundi cha kusoma kwa sauti, kicheko hicho kitawasaidia sana.

Binti_wa_Muheza
Mimi ningeanza na Moa. Mtoto anaposimulia, hata asiyezoea vitabu vya Ulaya hapotei njia.

KaraniMstaafu
Mama_Vitabu amenisogeza. Ila bado nasema Ivar Lo kwanza, kwa sababu moja: ukishaujua mkataba ule na mjeledi mweupe, umaskini anaousimulia Moa unauona una wenyewe waliounufaikia. Ukianza na Mia unaweza kudhani shida yote ni ulevi wa Albert.

Mama_Vitabu
Hapo umenena. Lakini basi visomwe vyote viwili mfululizo, kusipite mwaka katikati.

MsomajiWaTemeke
Nimewaelewa, asanteni sana. Naagiza Only a Mother wiki hii, na mchango wa raundi ijayo ni wa My Mother Gets Married. Harry atasubiri. Swali la mwisho: kuna filamu?

Mswahili_Stockholm
Ipo, Bara en mor ya 1949, imeongozwa na Alf Sjöberg, na Eva Dahlbeck ndiye Rya-Rya. Itazameni baada ya kusoma, si kabla. Na kama vijana wa kikundi watataka mtoto wa kiume wa statare, Godnatt, jord ya 1933 ipo kwa Kiingereza kwa jina Breaking Free.